Mlio Kutoka Upande wa Marlow

Watu wa Kessler ni wakweli. Ukidondosha pochi yako dukani leo, kesho utaikuta kwenye kaunta ikiwa na kila kitu chake. Ukitaka kununua farasi wa jirani, jirani mwenyewe ndiye atakayekwambia kwamba farasi huyo anachechemea, tena kabla hujauliza. Lakini kuna jambo moja ambalo watu hao, wacha Mungu na wasiomcha, wanalidanganyia bila kupepesa macho, na hakuna anayewalaumu. Nalo ni mahali wanapowinda elki, yule kulungu mkubwa wa milimani.

Arlys Tveit aliyajua hayo kuliko hata mchungaji wa kanisa lao, kwa maana yeye ndiye aliyewakatia nyama. Gereji ya nyumba yake ilikuwa na meza ndefu ya bati, msumeno wa mifupa, mashine ya kusagia na mafriza yaliyopangwa ukutani. Kuanzia Septemba, msimu wa kuwinda kwa upinde, pikapu zilifuatana uani kwake zikiwa na mapaja ya elki yaliyofungwa kwenye mifuko ya kitambaa, na kila mwenye nyama alikuja na uongo wake mkononi.

"Umempata wapi huyu?" Arlys alikuwa akiuliza, kwa kuchokoza tu.

"Kule juu."

"Juu wapi?"

"Juu milimani, mama. Huku chini hawapo, si unaona?"

Basi wote wawili walicheka, na nyama ikaingia ndani. Siyo kwamba walimwona Arlys mmbea. Ni kwamba elki ni mnyama mkubwa, ana uzito wa farasi na masikio ya mwizi, na kumsogelea mpaka mshale umfikie ni kazi ya kumwaga jasho miaka na miaka. Mtu akishapata korongo lake ambalo madume hulia kila asubuhi, analificha kama anavyoficha aibu ya familia. Hamwambii rafiki. Hamwambii kaka. Wengine hawamwambii hata mke.

Merle Tveit alikuwa mmoja wa hao wengine. Ila tusimwonee marehemu, kwa sababu mkewe naye alikuwa vilevile. Arlys alikuwa mpiga upinde hodari tangu usichana, na katika ndoa yao yote hakumwambia mumewe ni wapi hasa alipomwangusha dume wake mkubwa, yule ambaye pembe zake ziko juu ya mlango wa gereji. Lilikuwa jambo la mzaha kati yao. Asubuhi ya kuwinda Merle alikuwa akibusu shavu la mkewe na kusema, "Naenda Quill," naye Arlys akijibu, "Na mimi naenda mwezini." Kisha kila mmoja alishika njia yake.

Septemba ile ya msiba pia Merle alisema anakwenda Quill. Hakurudi.

Pikapu yake ilikutwa mwanzo wa njia ya korongo la Quill. Mbwa wa sherifu walipata harufu yake kwenye njia hiyohiyo. Nani angetafuta kwingine? Watu walisaka njia nzima ya Quill, helikopta ikapita juu yake ikirudi na kurudi, na majirani, karibu wote wawindaji, wakapanga mstari na kupekua kila kichaka. Lakini katika bonde lile kuna ujanja mwingine ambao kila mtu anaujua na kila mtu alijifanya hakuukumbuka. Mwindaji huegesha gari mbele ya korongo asilowinda, kisha huvuka mgongo wa mlima kwa miguu kabla wenzake hawajaamka. Nyuma ya mgongo wa Quill lipo korongo la Marlow. Arlys mwenyewe alimwuliza sherifu, "Je, kama alivuka?" Sherifu akamwambia mbwa hawadanganyi, mama. Kweli, mbwa hawadanganyi, ila wao hawana sehemu ya kuwindia ya kuificha.

Siku ya pili ya msako, jua likianza kushuka, Arlys alipanda mpaka kwenye kipito, pale mgongo wa mlima unapoinama kati ya korongo na korongo. Alikuwa amevaa kizibao cha rangi ya machungwa walichogawiwa watafutaji wote. Alisimama juu ya jabali akilitazama Quill, mgongo ukiwa upande wa Marlow. Hapo ndipo aliposikia nyuma yake, kwa mbali chini, elki dume akilia.

Mlio wa elki huanza chini, hupanda mpaka ukawa kama filimbi, kisha hukatika. Huu ulikuwa mwembamba, hauna mkoromo mwishoni, nao ulirudi mara mbili tatu. Dume kijana, Arlys akawaza. Na hili ndilo linalomtesa mpaka leo: moyo wake uliruka kwa furaha. Mume amepotea, yeye yuko mlimani akimtafuta, na moyo ukaruka kama wa mwindaji yeyote, ukasema, kumbe Marlow wapo, mwakani nitakuja huku. Jirani yao Cobb Lundeen alipopanda akihema na kuuliza, "Umesikia chochote?" Arlys alisema hapana. Hakufikiri. Mdomo ulisema wenyewe, maana Cobb ni mwindaji, na mwindaji haambiwi dume analia wapi.

Kesho yake theluji ikaanguka, nzito, mapema kuliko miaka mingine. Msako ukafungwa.

Fikra zilimjia majira ya baridi, akiwa anaosha vikombe. Dume hulia anapotaka, ananyamaza, anasogea, analia tena kutoka mahali pengine. Yule wa Marlow alilia kutoka mahali pamoja. Alilia, akanyamaza kidogo, akalia tena, kama mtu anayebisha hodi na kungoja ajibiwe. Kikombe kilimtoka mkononi kikavunjikia kwenye sinki, naye akabaki mikono ndani ya maji ya moto.

Tangu siku hiyo hakuwa na raha. Aliusikia mlio ule kwenye msumeno unapofika kwenye mfupa, kwenye birika, kwenye bawaba za lango la shule. Mwezi wa Agosti ndio uliokuwa mbaya zaidi, kwa sababu Agosti mji mzima wa Kessler hufanya mazoezi. Wanaume wazima wanaendesha pikapu huku wameweka utando mdogo wa mpira ulimini, wanapuliza kwenye mabaragumu yao ya plastiki, yale ya kuigia mlio wa dume, kama alilokuwa nalo Merle, na ukipita kituo cha mafuta utadhani umeingia zizi la elki. Arlys alifunga madirisha joto lote lile. Alibandika tangazo kwenye lango lake: USIPULIZE HAPA. Watu walidhani amechoshwa na kelele.

Mtu atauliza kwa nini hakwenda Marlow akaangalie. Septemba mbili zilizofuata alichukua upinde na kupanda Quill, akazunguka mahali ambapo alijua hapana kitu, akarudi. Jibu ni rahisi, na yeye mwenyewe alilijua. Maadamu hajaenda, yule alikuwa dume kijana. Akienda na kumkuta Merle, basi alikuwa Merle, na yeye alimsikia na akasema hapana. Aliogopa. Mwanamke aliyewahi kumvizia dubu kwa ukaribu wa meza na jiko alikuwa anaogopa kulitazama korongo.

Mwaka wa tatu ndipo shemeji yake, Norris, alipoamua kwamba imetosha. Norris ni mdogo wake Merle, mtu mnene wa maneno mengi, fundi wa matrekta, ambaye hajawahi kuingia jikoni kwa Arlys bila kufungua friji kwanza. Aliwaombea wote wawili vibali vya kuwinda nyanda za mto Missouri, mbali mashariki, vibali ambavyo hupatikana kwa kura na mtu anaweza kuvingoja hadi nywele zikaota mvi. Safari hii kura iliwaangukia. Arlys alikuwa na wiki moja tu kabla wateja hawajaanza kumletea nyama. Wiki hiyo ilitosha mahali pamoja.

Mwishoni mwa Agosti, Norris alitandaza ramani juu ya meza ya jikoni na kuibana kwa kikombe cha kahawa na sahani ya pai.

"Shemeji, fungasha. Missouri inatuita."

"Imekuita wewe na tumbo lako."

"Tumbo langu limealikwa rasmi. Tazama hapa. Hakuna kupanda. Unakaa kwenye kiti, umeshika darubini, unawaona wanaingia vikorongoni kulala. Unawafuata taratibu, upepo usoni, basi."

"Huo ni uwindaji wa wazee."

"Magoti yangu yanausifu. Wewe yako yanasemaje?"

Arlys alicheka, na kucheka kulimuuma. Aliinama juu ya ramani, akafanya kama afanyavyo kila mwaka, kidole kikitafuta maji, kisha kivuli cha upande wa kaskazini ambapo elki hulala mchana, kisha kikijiuliza upepo wa asubuhi utashuka njia gani. Missouri ilikuwa nzuri. Lakini Norris alikuwa ameleta ramani ya jimbo zima, na kidole chake, kama punda anayejua zizi lake, kilitoka mashariki kikaja magharibi, kikapanda Quill, kikafika kwenye kipito, kikasimama.

"Nataka kwenda Marlow," alisema.

Norris aliacha kutafuna. "Marlow kuna nini?"

"Maji yapo. Kivuli kipo. Kwenye ramani panafaa."

"Kwenye ramani hata mwezini panafaa. Marlow hakuna elki, shemeji."

"Umejuaje?"

"Najua tu."

Hapo Arlys alipandwa na hasira, kwa sababu katika bonde lile mtu akikwambia mahali fulani hakuna elki, maana yake anawala yeye peke yake. "Norris Tveit, usinidanganye mimi. Kawadanganye hao wa kituo cha mafuta. Umepafanya pako, siyo? Umekaa na Marlow yako miaka mitatu, ndiyo maana unanivuta Missouri nikapotelee huko."

"Nakuapia hakuna."

"Nilisikia dume analia kule kwa masikio yangu!"

"Lini?"

Arlys aliondoa kidole kwenye ramani. Alikuwa hajawahi kulisema mbele ya mtu. "Siku ya pili," alisema. "Nilikuwa kwenye kipito. Jioni."

Norris alisukuma sahani ya pai mbali naye. Uso wake mnene, ambao watu wa Kessler walizoea kuuona ukicheka, ulilegea kama wa mtu aliyepewa habari ya msiba upya.

"Na mimi nilimsikia," alisema. "Nilikuwa chini yako kidogo, kwenye mawe. Nilidhani wewe hukusikia. Nilimsikia Cobb akikuuliza, ukasema hapana, nikasema moyoni, afadhali, hajasikia, huyu ni wangu."

"Mungu wangu, Norris."

"Kaka yangu amepotea, na mimi nasema huyu ni wangu."

Nje mtu alipita na pikapu akipuliza baragumu, na wote wawili wakashtuka kwa pamoja, wakatazamana, wakajua kwamba miaka hii mitatu kila mmoja alikuwa akishtuka nyumbani kwake.

"Lakini ulisema hakuna elki," Arlys akasema polepole. "Kama wewe ulisikia na mimi nilisikia, kwa nini unasema hakuna?"

"Kwa sababu mwaka uliofuata nilikwenda na upinde. Nilimfuata huyo dume." Norris alitazama mikono yake. "Niliingia kutokea chini. Shemeji, hakuna njia ya mnyama, hakuna kinyesi, kipya wala cha zamani. Hakuna mti hata mmoja uliokwanguliwa kwa pembe. Majani wanayopenda elki yameota mpaka kiunoni, hayajaguswa. Korongo lile halijaona elki tangu moto mkubwa wa msituni ulipopita miaka ile. Nilifika katikati nikakaa kwenye gogo, nikawaza, sasa kilicholia ni nini? Nikaelewa."

"Ukafanyaje?"

"Nikarudi nyumbani."

"Ukarudi?"

"Nikarudi, Arlys. Niliogopa nitakachokiona. Nipige, ukitaka."

Arlys hakumpiga, ingawa mkono ulimwasha. Angempiga kwa lipi, wakati yeye hata hilo gogo hakulifikia? Alikunja ramani, na haikukunjika vizuri, akaisukuma hivyohivyo kwenye droo ya vijiko.

"Kesho," alisema. "Nipitie alfajiri. Na kibali chako cha Missouri kakitundike ukutani."

Kabla ya kuondoka asubuhi walimpigia simu sherifu. Kijana aliyepokea aliwaambia wangoje Jumatatu apate watu. Arlys alimwambia sawa, akakata simu, akapanda gari. Walisimama kituo cha mafuta, na Cobb Lundeen alikuwepo, akinunua kahawa na kuchungulia vitu vilivyokuwa nyuma ya pikapu yao kwa jicho la mtu asiyejali.

"Hamjabeba pinde," alisema. "Mnakwenda kuangalia mahali, siyo? Wapi safari hii, Arlys?"

"Marlow," Arlys akasema. "Juu kwenye vyanzo, chini ya kipito."

Cobb alikonyeza jicho. "Marlow. Sawa, mama. Basi mimi nitakaa mbali na Marlow, nikuachie Quill yako." Akaondoka akicheka, amefurahi kwamba hakudanganyika. Arlys alitaka kumwita amweleze, akaona hana nguvu ya kueleza.

Walipanda kupitia Quill, kama Merle alivyopanda, na jua lilikuwa limekwisha kuwa kali walipofika kwenye kipito. Norris alijitupa chini, akihema. Arlys alilikuta jabali lake. Safari hii alisimama mgongo ukiwa upande wa Quill. Korongo la Marlow lilifunguka chini yake, miti iliyoungua imesimama myeupe, na kati yake mipya ya kijani, na upande mmoja mteremko wa mawe yaliyolegea.

Mpiga upinde hapigi kelele mlimani. Mtoto wa Kessler hufundishwa hilo kabla ya kufundishwa kusali. Arlys alivuta pumzi akaita kwa nguvu zake zote, "Merle!" Jina lilishuka korongoni, likagonga mwamba wa ng'ambo, likarudi. Aliita tena na tena mpaka Norris akamshika bega.

Walimpata mchana wa siku hiyohiyo. Hakuwa mbali. Norris ndiye aliyeuona upinde kwanza, umetundikwa kwenye tawi kwa uangalifu, kama Merle alivyoutundika siku zote kwenye msumari wa gereji. Chini yake, kwenye shina la msonobari, palikuwa na kilichobaki, na nguo, na begi, na baragumu lililofifia kwa jua. Mfupa wa paja ulikuwa umevunjika. Theluji za miaka mitatu zilikuwa zimepita juu yake na kumwacha mahali pake.

Norris alilia kwa sauti, bila kujificha. Kisha, kama fundi ambaye hawezi kuona kitu kilichoharibika bila kutafuta kilivyoharibika, alianza kuzungukazunguka. Aliuona mteremko wa mawe alipoteleza. Alikiona kijito chini yake, na kando ya kijito jivu la moto mdogo na chupa ya maji ya Merle.

"Sielewi," alisema. "Alianguka kule karibu na maji. Alikuwa na maji, alikuwa na moto. Mguu umevunjika, na bado amejiburuta kuja huku juu kwenye ukavu. Kwa nini aache maji? Merle hakuwa mjinga."

Arlys alikaa chini kando ya mumewe, akaegemea shina lilelile, akainua macho kutazama kile ambacho Merle alikuwa akikitazama. Mbele yake miti ilikuwa imeachana. Katika uwazi ule kipito kilionekana chote, na juu yake, peke yake dhidi ya anga, jabali.

Kizibao chake siku ile kilikuwa cha rangi ya machungwa. Huonekana mbali, ndiyo kazi yake. Merle alikuwa chini kwenye maji akaona mtu amesimama juu ya jabali, au alisikia watu wakiita upande wa pili, akajiburuta mpaka alipoweza kuona. Pengine aliita mpaka sauti ikakatika. Baragumu halihitaji sauti, linahitaji pumzi kidogo tu, na mlio wake hufika mahali ambapo jina la mtu halifiki.

"Alikuwa ananiona," Arlys alisema.

"Shemeji, huwezi kujua hilo."

"Njoo ukae hapa."

Norris alikuja, akainama kando yake, akatazama. Alitazama kwa muda mrefu. Kisha akakaa chini polepole upande wa pili wa kaka yake, akavua kofia, na hakumbishia tena.